Lifti ya Bure Mpaka Ukweni

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya kiwanja kizima cha watu waliovaa vizuri. Ninaandika haraka kabla Bahati hajaandika toleo lake. Ana picha. Mkiniona ndani ya koti la mtu mnene, nimesimama mdomo wazi, jueni kwamba maelezo kamili yako hapa.

Na maelezo kamili ni kwamba kosa si langu. (Sawa. Si langu peke yangu.)

Mnajua tulichopanga. Wikendi Goma: mimi, Bahati na Espé. Ziwa, dagaa wa sambaza wa kukaanga, muziki. Sisi watatu tunafundisha shule moja kule Rutshuru, na tangu muhula uanze hatujaona kitu zaidi ya chaki na matope. Wazo la kwenda kwa lifti lilikuwa langu. Nililitetea kwa hoja: magari yanakwenda Goma kila siku, barabara ni ya wote, na mtu ana mkono wa kupunga. Kwa nini tubanwe kwenye basi kama viazi?

"Dieumerci," Espé akaniambia, "Kongo hii uliona wapi gari lenye nafasi?"

(Ndiyo, naitwa Dieumerci. Jina la kumshukuru Mungu, kapewa mtu ambaye kanisani haonekani. Siku ya ubatizo hawakuniuliza.)

Asubuhi tukasimama mwisho wa mji. Mimi nimevaa kaptula ya kuogelea na fulana, kwa sababu nilikuwa nakwenda ziwani, si mahakamani. Likapita lori la makaa, watu wamekaa juu weusi kama makaa yenyewe. Likapita gari la shirika fulani, viti vinne vitupu, vioo juu, dereva anatutazama kama tangazo la sabuni. Nikaanza kumweleza Bahati maoni yangu kuhusu mashirika. Sikumaliza. Fuso moja ilisimama mbele yetu.

Nyuma kulikuwa na watu wachache waliovaa nguo za sherehe, magunia, na mbuzi wawili. Mzee mmoja mwenye kofia akainama kutoka juu.

"Vijana, munaenda Goma?"

"Ndiyo, muzee. Tunaomba lifti."

"Muko watatu?"

"Watatu."

Akamgeukia mama aliyekalia gunia la maharagwe. "Mama Fiston! Wako watatu! Na wako safi!"

"Wapande! Wapande mbio!"

Mimi si mtu wa kupanda tu. "Muzee, ni lifti ya bure?"

"Ya bure kabisa."

"Juu ya nini ni ya bure? Sababu gani?"

"Panda, utaulizia huku juu."

Bahati alikuwa ameshapanda. Espé alikuwa anavutwa mikono na akina mama wawili wanaocheka. Nikapanda. Shahada yangu yote ya sosholojia ilikuwa inanipigia kelele kwamba watu hawagawi nafasi bure kwa furaha namna ile, lakini nikapanda.

Tulipopita nyumba za mwisho, Mama Fiston akatufunulia siri. Yeye ni mjane. Mwanawe Fiston ndiye yule kijana mwembamba aliyesimama pembeni, suti nyeusi, suruali ameikunja mpaka magotini kwa sababu ya mbuzi. Walikuwa wanakwenda Goma kumposea msichana anayeitwa Neema. Yule mzee mwenye kofia, Muzee Deo, ni baba mdogo wa Fiston, na ndiye atakayesema kwa niaba ya ukoo. Tatizo lilikuwa ukoo.

"Shangazi ya Neema alisema wazi," Mama Fiston akatuambia. "Hatutoe mutoto wetu kwa mutu asiye na watu. Sasa mimi watu niwatoe wapi? Vita imewatawanya. Mukubwa wangu iko kambini. Shemeji alivuka mupaka. Wengine, hata simu haipite." Halafu akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja, jinsi mtu anavyochagua nguo za mitumba. "Basi leo nyinyi muko watoto wetu."

Nikachukia! Kwanza, tumetekwa. Pili, mnajua msimamo wangu kuhusu mahari. Nimeandika hapa mara nyingi, na mara nyingi hamsomi. Tatu, tangu lini mtu mzima anapimwa kwa idadi ya wajomba?

"Mama," nikasema, "hii ni udanganyifu."

"Ndiyo," akanijibu bila kupepesa. "Koti ziko ndani ya gunia lile. Chagua. Huwezi kuposa na kaputula."

Nikatafuta msaada kwa wenzangu. Espé alikuwa ameshafungwa kitenge cha ukoo na anapakwa mafuta. Bahati, msaliti, alikuwa amevaa kofia na anamwita Mama Fiston "mama mukubwa". Koti lililobaki lilikuwa la mtu ambaye, kwa ukubwa wake, ndiye angepaswa kuhesabiwa kama watu watatu.

Muzee Deo akatupa maagizo. "Wote watatu muko watoto wa kaka yangu Kasereka. Iko Uganda tangu zamani, Goma hawamujue. Mukiulizwa, Kasereka. Mukae chini. Kwisha."

"Wote watatu?" nikauliza.

"Wote."

"Lakini mimi, Bahati na Espé tuko na umri mumoja. Huyo Kasereka iko na wake watatu?"

"Kijana, hakuna atakayeuliza."

"Na wakiuliza? Uongo lazima uwe na mantiki, muzee."

Hapo ndipo Fiston alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatazama barabara muda wote, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa taifa.

"Kaka," akaniambia polepole, "nakuomba. Ukiulizwa, sema Kasereka, ukae. Neema nimemungojea sana."

Mtu mwingine angeguswa akanyamaza. Mimi niliguswa nikaamua kusaidia. (Huo ndio ugonjwa wangu.) Nilikuwa nimemsikia Mama Fiston akimtajia Espé ndugu wa marehemu mume wake kwa mpangilio: wa kwanza Anselme, halafu Kasereka, halafu baba yake Fiston, halafu Deo. Anselme! Mzaliwa wa kwanza! Umri unatosha, na hakuna aliyepewa mtoto hata mmoja kwake. Pengo la wazi kabisa.

"Basi mimi nitakuwa wa Anselme," nikasema.

Mama Fiston akaruka kwenye gunia. "Hapana! Huyo Anselme..."

Fuso ikafunga breki. Kizuizi. Kamba imekatiza barabara, wenye bunduki wamekaa kando. Mnajua utaratibu: abiria wote chini, vitambulisho mkononi, mnavuka kwa miguu, gari linawangoja ng'ambo. Mmoja akanisimamisha.

"Na huyu mwenye koti?"

"Mutoto wetu," akajibu Muzee Deo.

Mimi sikusema neno. (Nina shahada, sina wazimu.)

Tulipopanda tena, kila mtu alikuwa na furaha ya kuvuka, wakaanza kuimba, mbuzi naye akaanza kula mkono wa koti langu. Mama Fiston hakurudia alichotaka kusema. Alidhani mtu aliyekatazwa amekatazika. Na mimi, ambaye huuliza kwa nini kengele ya shule inagongwa mara tatu badala ya mbili, sikumuuliza.

Tukapita Kibumba kwenye baridi na makabichi yake. Tukashuka mpaka kwenye mawe meusi, pale moto wa mlima wa volkano ulipopita. Kiwanja cha kina Neema kiko juu ya mawe hayohayo. Nyumba ya mbao, bati jipya, turubai limetandazwa juu ya viti vya plastiki. Espé akamuuliza msichana mmoja nyumba yao ya zamani ilikuwa wapi.

"Uko unaikanyaga," msichana akamjibu.

Tukakaa upande wetu, wao upande wao, nafasi tupu katikati. Na mimi nikakiri moyoni kwamba tulipendeza. Tulionekana ukoo. Upande wa Neema nao walikuwa wengi sana, safu kwa safu. Msemaji wao alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, Papa Ramazani, akatambulishwa kama kaka mkubwa wa baba yake Neema.

Mama mmoja wa kwaya akafungua kwa sala. Kila mtu akafumba macho, isipokuwa mimi. (Mtu asiyesali huona mengi.) Niliona kila mkono ukifanya ishara ya msalaba, isipokuwa miwili. Papa Ramazani alikuwa amefungua viganja vyake juu ya mapaja, na kwenye "amina" akajipangusa uso kuanzia paji mpaka kidevu. Kaka mkubwa wa familia ya Kikatoliki! Nikaweka akiba.

Wakaanza kurushiana maneno, kama ilivyo desturi.

"Wageni, mumepotea njia?" akauliza Papa Ramazani.

"Hapana," akasema Muzee Deo. "Tuliona moshi, tukajua kwenye moshi kuna mupishi muzuri."

"Hapa Goma moshi unatoka mulimani. Mupande mukaulize kule."

Kiwanja kikacheka. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nimeapa kutocheka. Wakati huo akaingia mwanamume mmoja wa makamo, shati la kijivu, kofia ya pikipiki mkononi. Watu wakanyanyuka nusu, wengine wakainamisha vichwa. Yeye akawapungia wakae, akaja akakaa kimya pembeni yangu. Nikajua ni mkubwa wa mtaa. Akanimiminia karanga kiganjani. Nikampenda.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kisha akasimama shangazi.

Shangazi Aurélie ni mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Akatembea mbele ya safu yetu taratibu kama mkaguzi wa shule, na mnajua mimi na wakaguzi.

"Muko wengi," akasema. "Nafurahi. Lakini sura hazifanane. Wewe mwenye kofia, uko mutoto wa nani?"

"Wa Muzee Kasereka, shangazi," akasema Bahati, akakaa.

"Na wewe, mama?"

"Wa Muzee Kasereka," akasema Espé, akapiga goti kidogo. (Espé, ambaye kwenye kikao cha walimu hampigii goti hata mkurugenzi wa shule!)

"Na wewe wa koti?"

Nikasimama. Neno moja tu lilihitajika. Fiston alikuwa ananitazama, midomo yake inaniumbia hilo jina: Ka-se-re-ka. Lakini niliona macho ya shangazi nyuma ya miwani yanapiga hesabu ileile niliyoipiga mimi kwenye Fuso. Wa tatu wa Kasereka angezama na kutuzamisha sote.

"Mimi," nikasema kwa sauti ya darasani, "ni mutoto wa Muzee Anselme. Wa kwanza wake."

Kimya.

Nikafikiri ni kimya cha heshima. Nikaongeza. "Mama anawasalimia sana. Alitaka kuja, lakini anaumwa mugongo. Na wadogo zangu wanne pia wanawasalimia."

Hata mbuzi walinyamaza.

"Anselme gani?" akauliza shangazi.

"Kaka yao mukubwa."

"Padri Anselme? Padri wa parokia yetu?"

Pembeni yangu nikasikia sauti kama bomba linalopasuka. Jirani yangu wa karanga alikuwa amesimama, Fanta inamtoka puani, inachirizika kwenye shati la kijivu. Akajifuta kwa leso, taratibu. Akanitazama kuanzia kaptula mpaka koti.

"Wanne?" akaniuliza. "Niko na wengine wanne?"

Wapendwa, sitaki kueleza kelele iliyofuata. Mama wa kwaya alipiga ishara ya msalaba mara nyingi mpaka nikahofia mkono wake. Mama Fiston alijifunika kitenge usoni. Muzee Deo alikuwa anatazama mlima, nadhani akiuomba ulipuke. Bahati, rafiki yangu wa miaka yote, alikuwa ametoa simu na anapiga picha.

Ukweli ukatoka wote, kwa sababu Padri alipouliza, Muzee Deo hakuweza kumdanganya kaka yake. Ndiyo, tuliokotwa barabarani. Ndiyo, hata majina yetu hawayajui vizuri.

"Watu wa kuokota!" akasema shangazi. "Munakuja kutuposea mutoto na watu wa kuokota kama kuni? Mubebe mbuzi zenu."

Hapo nilimwona Fiston. Alikuwa amesimama, suruali bado imekunjwa mguu mmoja, alisahau kuishusha. Mlangoni pazia lilikuwa limefunguliwa kidogo na msichana mwenye nywele zilizosukwa upya alikuwa anamtazama. Hakulia. Alikuwa anakishika tu kile kitambaa kama anayeshika kamba ya ndoo kisimani. Fiston akaanza kuinama kukusanya kamba za mbuzi. Na kosa lilikuwa langu. (Sawa, sasa nimekubali.)

Lakini mimi nikikosa hukasirika, na nikikasirika hufikiri vizuri zaidi.

"Shangazi, samahani!" nikapaza sauti. "Na nyinyi je?"

"Sisi nini?"

"Huyu kaka yenu mukubwa! Wakati wa sala hakufanya msalaba. Alifungua viganja na kujipangusa uso. Nilimuona. Ni kaka wa nani huyu?"

Papa Ramazani akavitazama viganja vyake kana kwamba ndivyo vilivyomsaliti. Baba yake Neema akaanza kutafuta kitu chini ya kiti ambacho hakikuwepo.

"Kijana iko na macho," akasema Papa Ramazani hatimaye, na ile sauti yake nzuri ikapungua. "Mimi ni jirani. Niko na duka pale kona. Kaka wa kweli iko Minova, alihamia kule baada ya mulipuko wa mulima, na barabara imefungwa na vita. Nyumba yangu na yao ziliungua siku moja. Mimi nilimubeba bibi yake Neema mugongoni, na wao wakabeba watoto wangu. Waliponiomba nikae hapa leo, nikakaa. Ningekataa?"

"Na safu ya nyuma?" akauliza Padri Anselme.

Baba yake Neema akakohoa. "Ile ni kwaya, Padri."

"Kwaya yangu?"

"Yako, Padri."

Padri akasimama katikati, pale penye nafasi tupu, na doa lake la Fanta. "Wenye damu ya Fiston wasimame. Wenye damu ya Neema wasimame."

Wakasimama. Upande wetu wangeenea kwenye pikipiki mbili. Upande wao vilevile. Wengine wote wakabaki wamekaa, kiwanja kizima cha watu baki ndani ya nguo za watu, wanatazamana. Aliyeanza kucheka ni yule bibi aliyebebwa mgongoni. Alicheka bila meno, huku anajipiga paja, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia.

Isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa bado nimesimama, kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.

Na shangazi. Shangazi alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Nilisema sitoe mutoto kwa mutu asiye na watu," akasema. "Fiston huyu amesimamisha gari barabarani, akapata watu. Sawa. Lakini kuna faini."

Muzee Deo akainamisha kichwa. "Tunasikia."

"Wote waliokuja kama ndugu, wabaki ndugu. Siku ya harusi niwaone hapa, wote, na wafanye kazi kama ndugu. Na wa upande wetu pia. Ramazani, hata wewe." Akanielekezea miwani. "Ila huyu wa koti simupokee. Padri, huyu ni wako. Mumalizane."

Pazia likafunguka, vigelegele vikaanza, Fiston akakumbuka kushusha suruali. Akapita mbele yangu. Nikadhani atanipiga. Akanikumbatia ndani ya lile koti kubwa, na bado palibaki nafasi.

Padri akaniketisha.

"Mwanangu," akasema. Watu watatu jirani wakaanguka kwa kicheko. "Kesho misa ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi. Mutoto wangu wa kwanza hawezi kukaa nyuma. Utasoma somo."

"Padri, mimi kwa kweli siamini mambo ya..."

"Nimekuuliza kama unaamini? Nimekuambia utasoma. Sauti uko nayo, avenyu nzima imeisikia."

Nauliza, kwa sheria gani? Mtu anaweza kuhukumiwa kanisani kwa kosa alilolifanya kwenye posa? Nimemuuliza Muzee Deo, anaendelea kula. Nimemuuliza Papa Ramazani, ambaye ametupa chumba cha kulala, akanipa ndoo ya kuoshea masufuria na kuniambia ukoo una kazi. Bahati na Espé wamekwenda ziwani. Watoto wa Kasereka hawakupewa adhabu yoyote! Nimetoka mara moja kununua sambaza, muuzaji simfahamu, hajawahi kuniona maishani mwake, akanifungia samaki na kuniuliza kama mgongo wa mama umepata nafuu.

Msicheke. Nimeomba kwa upole. Na kama yuko mwenye gari linaloondoka Goma kesho alfajiri kabla ya misa ya kwanza, aniandikie hapa chini. Nauli nitalipa yote. Sharti langu ni moja: ndani ya gari asiwepo mtu aliyevaa suti.